Mwenye Kadi na Mwenye Funguo

Ndugu msomaji, nianze kwa kulitamka neno langu waziwazi, ili asiyelipenda afunge kitabu mapema akapumzike. Nasema hivi: mshabiki wa mpira wa Tanzania ni mwenye nyumba asiye na funguo. Nyumba huitwa yake, vigelegele ni vyake, machozi ni yake. Lakini mlango hufunguliwa na kufungwa na mtu mwingine. Siku mtu huyo akiondoka na funguo mfukoni, hakuna ofisi katika nchi hii ambayo mshabiki anaweza kupiga hodi na kusikilizwa kama mtu mwenye haki. Ninataka ofisi hiyo iwepo. Tena iwe huru, yenye meno, isiyokuwa chini ya kwapa la waziri, wala la shirikisho la mpira, wala la tajiri.

Timu yangu sitaitaja. Nawajua wenzangu: nikiitaja, nusu ya wasomaji watasema ninawasema wao kwa chuki, na nusu ya pili watanishangilia kabla hawajasoma. Inatosha kusema kwamba nilipata kadi yangu ya uanachama nilipokuwa karani wa reli Kilosa, na kwamba tangu nistaafu na kuhamia Mikumi nimekuwa mtunza fedha wa tawi letu dogo. Fedha yenyewe si fedha ya kutisha. Ni shilingi mia tano ya muuza ndizi wa stendi, elfu moja ya kijana wa bodaboda, elfu mbili ya mwalimu akiwa amepata mshahara. Yote huandikwa katika daftari la shule, na kila mwisho wa mwezi mtu yeyote aliyechanga hulifungua, akapitisha kidole mstari kwa mstari, akauliza. Mama mmoja auzaye chakula stendi hajui kusoma vizuri, lakini huja na mjukuu wake amsomee. Ni haki yake.

Basi hebu tujiulize. Kwa nini iwe rahisi kulikagua daftari la watu thelathini wa Mikumi kuliko kujua ni nani hasa anayeimiliki klabu yenye wapenzi mamilioni, ameilipia nini, na akichoka kesho itabaki na nini?

Wataalamu wana jibu tayari: tunazo asilimia hamsini na moja. Hebu tulitazame jibu hilo.

Simba ni klabu ya mwaka 1936 na Yanga ni ya mwaka 1935. Zote mbili zilizaliwa Dar es Salaam mikononi mwa watu wa kawaida, zikalelewa kwa ada na michango ya wanachama wenye kadi. Karne hii ikaja na hesabu nyingine. Wachezaji wakawa ghali, safari za Afrika zikawa ghali, na mfadhili wa kutoa mfukoni akaanza kutaka hisa. Mwezi Desemba 2017 wanachama wa Simba, katika mkutano wao mkuu, walimkubali Mohammed Dewji awe mwekezaji kwa dau la shilingi bilioni 20. Kanuni za Baraza la Michezo la Taifa zikaweka mpaka: klabu ya wanachama ikigeuzwa kampuni, wanachama wabaki na asilimia 51, wawekezaji wasivuke 49. Mwaka 2018 katiba ya Simba ikabadilishwa kufuata mpaka huo. Watu wakapiga makofi, wakaenda nyumbani.

Kisha ikaja miaka ya maswali. Bilioni ishirini zimeingia au hazijaingia? Zitaingia lini, katika akaunti ipi, na nani anathibitisha? Mwanachama wa kawaida aliyatafuta majibu redioni na vijiweni. Mwaka 2021 mwekezaji akakabidhi hundi mbele ya kamera, lakini hata siku hiyo mwenye kadi alikuwa mtazamaji kama mtu mwingine yeyote. Simshitaki Dewji kwa lolote. Katika miaka hiyo Simba ilitwaa ubingwa mara nne mfululizo, na fedha haziokotwi barabarani. Ninachosema ni kwamba mtu anayeambiwa ana asilimia 51 ya nyumba hapaswi kuzisikia habari za nyumba yake kwa jirani.

Wenzetu wa upande wa pili wasicheke. Mwezi Agosti 2016 mwenyekiti wa Yanga wakati huo, marehemu Yusuf Manji, aliwaomba wanachama wamkodishe timu na nembo kwa miaka kumi, faida igawanywe asilimia 75 kwake na 25 kwa klabu. Ukumbi uliitikia kwa shangwe. Yakafuata mabishano makali, mpango ukakwama, na mwezi Mei 2017 Manji akajiuzulu. Nini kilifuata? Bakuli. Timu kongwe kuliko zote mbili ilizunguka ikiomba michango ya mishahara na safari, na kocha Mwinyi Zahera, mtu aliyeajiriwa kufundisha mpira, akawa naye mhamasishaji wa kuchangisha. Hata hapa Mikumi bakuli lilipita. Lilijazwa na wauza ndizi walewale ambao mwaka mmoja kabla ya hapo hakuna aliyewauliza kitu.

Huo ndio ukweli wa mpira wetu: neema ikija ni ya tajiri, njaa ikija ni ya wanachama.

Sisi watu wa Kilosa hizo namba 51 na 49 si ngeni kwetu. Mwaka 2007 reli yetu ya kati ilikodishwa kwa miaka 25. Kampuni ya RITES ya India ikachukua asilimia 51 za kampuni mpya ya uendeshaji, serikali ikabaki na 49. Miaka mitano haikutimia, ndoa ikavunjika na serikali ikazirudisha hisa. Lakini angalieni tofauti. Njia ya reli na majengo havikuwa vya mkodishaji. Vilikuwa chini ya RAHCO, kampuni hodhi ya umma iliyoundwa kwa sheria. Ilikuwapo pia SUMATRA, mamlaka ya udhibiti, iliyokuwa na haki ya kuuliza. Kwa hiyo uendeshaji ulipoanguka, hakuna aliyeingoa reli ya Kilosa akaenda nayo kwao. Stesheni ilibaki Kilosa na jina lake. Ndiyo maana ya kuwa na mtu wa tatu anayeshika hati wakati wawili wanafanya biashara. Asilimia ni maneno ya karatasi. Anayeyapa uhai ni yule mwenye amri ya kufungua kabati na kukagua.

Katika mpira mtu huyo hayupo. Kwa sababu hayupo, timu zinang'olewa.

Msomaji wa barabara kuu ya Mbeya atakumbuka Ihefu. Ilikuwa timu ya Mbarali, kule Usangu kwenye mashamba ya mpunga, na jina lake ni la ardhioevu ambayo maji yake hushuka kwa Mto Ruaha Mkuu hadi bwawa la Kidatu, mlangoni kwetu. Tarehe 29 Novemba 2022 timu hiyo ya wakulima iliifunga Yanga mabao 2-1 na kuikatisha safari ya michezo 49 ya ligi bila kufungwa. Mikumi nzima ilisimama, hata mashabiki wa Yanga walikiri kwamba mpira umechezwa. Mwaka 2024 Ihefu ilihamia Singida, mamia ya kilomita kutoka Mbarali, ikabadilishwa jina, ikaitwa Singida Black Stars. Na kwa nini Singida palikuwa na nafasi? Kwa sababu timu iliyokuwapo pale ilikuwa nayo imeshabadilishwa. Ilikuwa DTB, ikageuka Singida Big Stars mwaka 2022, ikawa Singida Fountain Gate mwaka 2023, ikahamia Mwanza, kisha ikawa Fountain Gate ya Manyara. Mtoto wa Singida aliyenunua jezi mwaka 2022 alihitaji jezi mpya kila mwaka na ramani ya Tanzania.

Sisemi sheria ilivunjwa. Ninalolalamikia ni hilo hasa: haikuvunjwa kwa sababu hakuna iliyokuwepo ya kumlinda mtu wa Mbarali. Maji ya Ihefu hayakuhamia Singida. Wakulima hawakuhamia Singida. Kilichohama ni jina kwenye cheti na nafasi katika ligi, vitu ambavyo kwa kanuni zetu ni mali ya mwenye cheti, kana kwamba wale waliojaza uwanja walikuwa nzi tu waliofuata kidonda.

Hebu nitoe mfano wa hapa stendi. Kila basi linalosimama Mikumi lina leseni ya njia yake kutoka LATRA. Mwenye basi la Dar es Salaam–Mbeya hawezi kuamka Jumatatu akalipeleka Arusha kwa sababu Arusha kuna abiria wenye fedha zaidi. Basi ni lake, alilinunua kwa fedha yake, na bado haruhusiwi, kwa kuwa tumekubaliana kwamba abiria ana haki hata kama hana hisa. Toka stendi, fuata lami kuelekea Morogoro, utaingia hifadhini. Huko kuna mabango yanayoonyesha faini ya kila mnyama ukimgonga: swala na bei yake, nyati na bei yake, twiga na bei yake. Nchi imekaa ikafikiri mpaka thamani ya ngiri. Lakini ukiigonga timu ya wilaya nzima ukaiacha imelala kando ya barabara, huna bango la kusoma, huna faini, unakanyaga mafuta na kwenda zako.

Kati ya Kilosa na Mikumi kuna mahali panaitwa Ulaya. Nikisema sasa twende Ulaya, simaanishi hapo. Namaanisha ile ya ng'ambo, ambako watu wengi hudhani haya yalikwisha zamani. Hayakuisha. Uingereza, mwenye kuufundisha ulimwengu mpira, mwaka 2003 aliiona timu ya Wimbledon ikihamishwa kutoka London hadi Milton Keynes na baadaye kupewa jina jingine. Mashabiki walikuwa wameshaanzisha yao upya, AFC Wimbledon, kuanzia madaraja ya chini. Klabu ya Bury, iliyoanzishwa mwaka 1885, iliuzwa Desemba 2018 kwa pauni moja, na Agosti 2019 ikafukuzwa katika ligi kwa kukosa uthibitisho wa fedha. Aprili 2021 matajiri wa klabu kubwa walitaka kujitenga na ligi yao ya Ulaya nzima. Mashabiki wakamwagika barabarani, mpango ukafa ndani ya siku chache. Serikali ikaagiza uchunguzi uliowasikiliza mashabiki, na mwezi Julai 2025 sheria ikapita inayoweka mdhibiti huru wa soka. Huyo hutoa leseni kwa klabu za madaraja matano ya juu, huwapima wanaotaka kuwa wamiliki, na klabu haiwezi kuuza uwanja wake wala kuhama bila idhini yake. Jina, nembo na rangi navyo vimewekewa ulinzi.

Wajerumani walitangulia kwa njia yao. Tangu mwaka 1998 kanuni yao husema wanachama wa klabu wawe na nusu ya kura na moja zaidi. Wengi wetu husema sisi tumeiga hao. Tumeiga namba. Mwanachama wa kule ana kura inayohesabiwa, mkutano usioahirishwa kwa simu, na taarifa ya fedha mezani. Kuiga namba bila hayo ni kununua kofia ya dereva ukadhani umepata lori.

Sasa nijibu wapinzani wangu, maana najua watakuwapo.

Wa kwanza atasema: Mzee, mbona Msajili wa vyama vya michezo yupo chini ya Baraza la Michezo, na shirikisho hutoa leseni za klabu? Wapo, ndiyo. Lakini Msajili yuko chini ya Baraza, na Baraza liko chini ya wizara. Waziri akipiga simu, nani atakataa? Na TFF huchaguliwa na watu wa mpira wenyewe, zikiwemo klabu ambazo inatakiwa kuzibana. Huwezi kumwomba nyani ahukumu kesi ya mahindi. Tarehe 8 Machi 2025 mchezo wa Simba na Yanga uliahirishwa siku ileile ya kuchezwa, baada ya Simba kusema ilizuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku uliotangulia. Ukaja kuchezwa tarehe 25 Juni. Katikati ya miezi hiyo klabu zilizungumza, bodi ya ligi ilizungumza, shirikisho lilizungumza. Mtu wa mkoani aliyelipa nauli na tiketi hakuwa na wa kumsemea hata mmoja, maana katika meza hiyo hana kiti.

Wa pili atasema: FIFA itatufungia kwa kuingilia mpira. Huyu nampa haki yake, hoja yake si ya kitoto. Kenya ilifungiwa Februari 2022 baada ya serikali kulivunja shirikisho lake, ikafunguliwa Novemba mwaka huohuo. Lakini tusome vizuri somo la jirani. Kenya waziri aliliondoa shirikisho akaweka kamati yake. Mimi sitaki waziri amwondoe mtu. Nataka chombo cha sheria kinachokagua umiliki na fedha za kampuni, kisichopanga ratiba, kisichochagua kocha, kisichogusa uchaguzi wa TFF. Uingereza imeweka chombo cha namna hiyo na haijafungiwa.

Wa tatu, na huyu ndiye mwenye sauti kubwa, atasema: mwenye fedha ataudhika akimbie. Namjibu kwamba Azam ni timu ya tajiri tangu mwanzo, kila mtu alijua hivyo, ikatwaa ubingwa msimu wa 2013/14, nami sina neno nayo. Mtibwa Sugar ya mkoa wetu ni timu ya kiwanda, ilikuwa bingwa mwaka 1999 na 2000, nayo nampigia saluti aliyeilea. Sipingi mali ya mtu. Napinga mali ya watu kugeuka mali ya mtu gizani. Mwekezaji mwema hana sababu ya kuogopa taa. Anayeogopa taa, bora aogope mapema kabla hajaingia ndani.

Kwa hiyo ninadai mambo matano, nayaandika kwa mpangilio ili asiwepo wa kusema hakuyaelewa.

Kwanza, iwepo mamlaka huru ya umiliki wa klabu, kwa sheria ya Bunge, yenye bodi ambamo wapenzi wa mpira wamechaguliwa na wenzao, na mikoa isiyo Dar es Salaam imo.

Pili, kila anayetaka kununua hisa za klabu ya ligi apimwe hadharani: fedha yake imetoka wapi, ana hisa au ufadhili katika timu nyingine ipi, na italetwa lini. Fedha iliyoahidiwa iwekwe benki kabla ya kupigiwa makofi.

Tatu, jina, rangi, nembo na wilaya ya timu visibadilishwe bila kura ya wapenzi wake waliosajiliwa.

Nne, mahesabu yaliyokaguliwa yatolewe kila mwaka kwa Kiswahili, yabandikwe kwenye matawi. Vyama vya ushirika vya wakulima wa miwa, huko Kidodi na Ruaha ndani ya wilaya yetu, vina mrajisi wao na mkaguzi wao kisheria. Kama mkulima wa ekari mbili anaweza kukaguliwa, Kariakoo inaweza.

Tano, mfadhili akitaka kuondoka atoe taarifa na aache dhamana ya kumaliza msimu, ili bakuli lisipite tena.

Nina neno la mwisho, nalo ni letu sisi wenye kadi. Tusiseme matajiri wametupora wakati sisi ndio tuliowabeba mabegani. Tunamwimbia mtu nyimbo kwa sababu amenunua mshambuliaji. Tunamzomea mwenzetu anayesimama mkutanoni kuomba taarifa ya fedha, tunamwita msaliti, tunasema ametumwa na wapinzani. Kijana mmoja wa bodaboda aliniambia juzi, kwa heshima zote, "Shikamoo mzee, lakini sisi tunataka makombe, hayo mahesabu ni ya kwenu wazee." Nilimwitikia marahaba, kisha nikamuuliza pikipiki anayoendesha ni ya nani. Akasema ya bosi. Nikamuuliza kama bosi akiichukua kesho, zile safari zote alizopiga na sifa zote alizopata stendi zitamsaidia nini. Alinyamaza, akawasha, akaondoka. Lakini mwisho wa mwezi alikuja akaliomba daftari, akapitisha kidole mstari kwa mstari, akauliza swali zuri kuhusu shilingi elfu nne za usafi wa banda la kutazamia mpira.

Nilimjibu mpaka akaridhika. Ndivyo inavyotakiwa. Mwenye kadi akiuliza, mwenye funguo ajibu. Na asipojibu, pawepo mlango wa tatu wa kugonga. Mpaka siku mlango huo utakapojengwa, hizo asilimia 51 ni wimbo tu, na wimbo haujawahi kuzuia timu kupakiwa kwenye lori.